Aliyetubebea Habari za Vifo

Ukimsikia Balozi anapiga kelele kutoka mbali, ulikuwa salama. Akifika kwenye kona ya muuza mkaa alianza kuita, "Sina neno! Naja kwa umbea tu!" na mwenye nyumba alishusha pumzi akaendelea kuchambua mboga zake. Tabia hiyo aliianza baada ya mama mmoja kuzirai kwa kumwona tu akifungua geti. Mama wa watu hakuwa amefiwa. Balozi alikuwa amekuja kuomba chumvi.

Mama huyu tulimwita Balozi kwa sababu alikuwa balozi wa nyumba kumi, ingawa nyumba zenyewe zilishapita kumi zamani, Tunduma ikiendelea kujijenga ovyo kupanda mlima. Kwingine balozi anapatanisha wagomvi na kujua nani kahamia wapi. Kwetu alifanya hayo pia, lakini watu walimjua kwa kazi nyingine ambayo hakuna aliyemkabidhi. Yeye ndiye aliyekwenda kumwambia mtu kwamba amefiwa. Dereva kapinduka na lori, mtoto wa mtu kafia Lusaka, baba kafia hospitali Mbeya; simu inaingia kwa yeyote yule, na huyo yeyote anakimbilia kwa Balozi. Mimi ni msusi. Kibaraza changu kinatazamana na uchochoro wa kwake, na kwa miaka niliyomsuka nilizijua habari za vifo kabla ya wafiwa, maana nyingi zilimkuta kichwa chake kiko mapajani mwangu.

Alikuwa na utaratibu wake na hakupenda mtu auguse. Hakwenda moja kwa moja kwa mfiwa. Alipita kwanza kwa majirani: kwa mwenye masufuria makubwa, kwa mwenye turubai, kwa wanawake wawili watatu wenye mikono ya nguvu. Aliwaambia kwa sauti ya chini, "Pelekeni kuni pale, mkae nyuma ya nyumba, na mtu asilie kabla yangu." Akiingia alihakikisha watoto wadogo wametolewa. Kama kuna chungu jikoni alikiepua mwenyewe, kwa kuwa aliwahi kumwona mwanamke akiangukia uji unaochemka. Kisha alimketisha mfiwa chini, mkekani au hata kwenye udongo, kamwe si kitini. "Nikimwacha kwenye kiti ataanguka, halafu nitakuwa na misiba miwili na kuni za mmoja," alisema huku akicheka. Alikuwa na mzaha mbaya, na wengine walimchukia kwa ajili hiyo.

Maneno yake yalikuwa mawili tu: jina la mtu, na "amekufa." Hakusema ametutoka wala amepumzika. Zamani alikuwa anasema kama tunavyosema sote, mgonjwa amezidiwa, jiandae uende, ili mtu alainike taratibu njiani. Siku moja alimwambia hivyo mzee mmoja aliyehamia kwetu kutoka Igamba, ambaye mkewe alikuwa amelazwa Mbeya. Mzee akauza mbuzi wake kwa bei ya kutupa, akanunua maziwa ya kopo na matunda, akapanda gari na furushi lake, akafika wodini akakuta kitanda kimeshatandikiwa mwingine. Aliporudi alikuja na lile kopo mpaka kwa Balozi, akaliweka mlangoni, akaondoka. Balozi alinihadithia hayo mara nyingi, na kila mara aliishia kwenye kopo.

Msije mkadhani nawaelezea mtakatifu. Alikuwa mwongo. Alidanganya kuhusu umri wake, kuhusu kuku wake ambao wote walikuwa "wa kienyeji kabisa," kuhusu sukari yake ambayo kila mtu alijua imetoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa njia za kichakani. Alikuwa mchoyo wa chai kiasi kwamba ukimtembelea alikoroga kikombe kimoja na kukigawa. Alimsema vibaya balozi wa upande wa pili wa barabara mpaka masikio yangu yakachoka. Kanisani aliimba kwaya kwa sauti ya tatu ambayo hakuna aliyeitunga, na mwalimu wa kwaya alishakata tamaa. Lakini kwenye kifo hakudanganya, hata kidogo, na nafikiri alikuwa amejiwekea mahali pamoja pa kusema kweli ili kwingine apumue.

Pia hakuogopa kuonekana hana huruma. Baada ya kusema alichokuja kusema alikaa hapohapo, miguu ameinyoosha, haongei, hamshiki mtu bega. Niliwahi kumuuliza kwa nini hawafariji watu. Akaniambia, "We msusi, mtu akiwa anakatwa unamfariji nini? Unakaa naye tu damu ikauke." Nilimpenda, na kusema kweli nilimwogopa. Akinitazama sana nilihisi anajua jambo la nyumbani kwangu ambalo halijanifikia.

Vita ya Kongo tuliizoea kama tulivyozoea foleni ya malori. Madereva Wakongo waliovuka Nakonde na shaba yao walikaa hapa siku nyingi wakisubiri, wakinywa soda vibarazani na kutuhadithia. Wanawake wa kwao walikuja kuchukua mchele wa Kamsamba na kutuachia vitenge. Walituambia kwamba mashariki ya nchi yao imekatika vipande: miji mingine imeshikwa na waasi, nyuma ya waasi kuna jeshi la nchi nyingine, na upande wa serikali kuna wanajeshi wa nchi nyingine tena waliokuja kusaidia. Kati ya hao walikuwemo wa kwetu. Kwenye redio ilikuwa habari fupi inayopita kabla ya mpira.

Balozi alikuwa upande wa kupeleka jeshi, na alikuwa upande huo kwa sauti kubwa. "Mtu anapigwa nyumba ya pili, utakaa unakula ugali wako?" aliuliza kibarazani kwangu, na wateja waliitikia, wengine kwa sababu waliamini, wengine ili kichwa kiishe waende. Siku moja dereva mmoja Mkongo, mtu mzima mpole aliyekuwa anangoja karatasi za mzigo wake, alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, "Mama, kila jeshi yenye inakuja kwetu inasema inaleta amani. Tumeshaona majeshi mingi. Amani yenyewe bado tunaingoja." Balozi akamjibu kwamba jeshi la kwetu si kama hayo mengine. Dereva akasema, "Hata hayo mengine mama zao wanasema vile." Balozi alikasirika, akamnyima salamu mpaka lori lake lilipoondoka.

Alikuwa na sababu ya kukasirika. Mjukuu wake Elia alikuwa mwanajeshi, na ni yeye aliyemsukuma huko. Elia alikulia kwake, kwa kuwa mama yake, Tabitha, mtoto pekee wa Balozi aliyebaki, aliolewa mara ya pili Kamsamba, na mume hakutaka mtoto wa mtu. Akawa kijana mrefu mwenye meno yaliyoachana, mcheshi, aliyemaliza shule na kuanza kuzurura mpakani na wabadilisha fedha. Tabitha alitaka ateremke Kamsamba alime mpunga, maana wakati huo mume alishalainika. Balozi alisema mpunga na mbu havimjengi mwanamume. "Jeshi litamnyoosha," alisema, na alikwenda mwenyewe kumtafutia nafasi ya kujiandikisha, akazungumza na huyu na yule, mpaka ikapatikana. Tabitha alipiga simu akalia. Balozi alimwambia mbele yangu, "Unalia nini? Unalilia mtoto mwenye ajira?"

Elia alipopelekwa Kongo, Balozi alitutangazia mtaa mzima kana kwamba ni harusi. Nilimuuliza kama haogopi. Alisema hapana. Ila tangu wiki hiyo alianza kuweka simu yake kifuani badala ya kwenye mkoba, na nikimsuka akawa anashtuka ikilia, yeye ambaye simu za vifo vya watu alizipokea huku akitafuna karanga. Sikumwambia kwamba nimeona.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto wa kichwa chake, mistari ya kulala kuelekea nyuma, na upande wa kulia nywele zimesimama, nimezichana tu. Tabitha alikuwa amepanda kutoka Kamsamba na mchele wa kuuza, amelala kwa mama yake, na moshi wa maharage yake tuliuona kutoka uchochoroni. Wakaja wanaume wawili, mmoja mtu mzima, mmoja kijana, wamevaa kiraia lakini wanatembea kwa hatua zinazolingana. Mwenye duka aliwaonyesha kwa kidole pale tulipo.

"Shikamoo mama," alisema yule mkubwa. "Wewe ndiye balozi wa hapa?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Karibuni, mmenikuta na kichwa nusu."

"Mama, tunatoka jeshini. Tuna taarifa nzito ya familia moja hapa kwako. Tumeona tusiwavamie watu, tupite kwanza kwa kiongozi anayewafahamu, atufikishe."

"Mmefanya vizuri sana," alisema Balozi, na akakaa sawasawa. Nilimwona anapendezwa. Namwambia Mungu hilo kila nikikumbuka, kwamba kwa muda mfupi alipendezwa kwamba hata jeshi limefuata njia yake. Halafu akauliza, "Ni msiba?"

"Ni msiba, mama."

"Wa nani?"

Yule mtu akataja jina la Elia, lote, na ubini wake. Akasema wanamtafuta mama yake, anaitwa Tabitha, na anuani aliyoiandikisha Elia ni ya mtaa huu.

Hawakujua. Elia alitumia ubini wa baba yake, na hakuna chochote kwenye jina lile kilichowaelekeza kwa mwanamke mzee aliyekaa kwenye kigoda na kichwa nusu. Walifanya kilichokuwa sahihi kabisa. Wangefanya vibaya, wangekwenda kugonga mlango moja kwa moja, Balozi angekuta kilio kimeshaanza, angelia kama bibi yeyote. Mimi nilikuwa bado na kitana mkononi.

"Elia amekufa?" aliuliza Balozi.

"Ndiyo, mama. Kwenye mapigano, huko Kongo. Unaifahamu familia?"

"Naifahamu. Nitawafikisha."

Akachukua kitenge chake, akajifunga kichwani akaficha ule upande uliosimama, akanyanyuka. Hakuelekea uchochoroni. Alikwenda kwanza kwa mwenye masufuria. Wale wanaume wakamfuata, na mimi nikafuata nyuma yao na kitana changu. Mwenye masufuria alikuwa anafua. Balozi alimwambia kwa sauti ileile ya siku zote, "Pelekeni kuni, mkae nyuma ya nyumba, na mtu asilie kabla yangu."

"Kwa nani, Balozi?"

"Kwangu."

Yule mwanajeshi mkubwa alisimama. Nilimwona akili inamfikia. "Mama," alisema, "kwako ni wapi?"

"Ni kule tunakokwenda."

"Mama, samahani. Hatukujua. Ngoja kwanza, kaa chini, tuzungumze."

"Baba, sijafika bado," alisema Balozi, akaendelea na safari yake kwa mwenye turubai.

Nyumbani kwake Tabitha alikuwa amechuchumaa jikoni anapuliza moto. Alipomwona mama yake alicheka, akasema, "Mama, kichwa hicho kimekuwaje tena?" Balozi aliinama akaepua chungu cha maharage kwa pindo la gauni lake, akakiweka pembeni ya ukuta. Tabitha alikulia katika nyumba ile. Alimsindikiza mama yake kwenye misiba ya watu tangu akiwa binti. Aliangalia chungu, akaangalia wale wanaume mlangoni, akasikia nyuma ya nyumba kuni zinawekwa chini na wanawake wasiosema neno.

"Mama, usiseme," alisema.

"Kaa chini, Tabitha."

"Usiseme wewe. Nakuomba. Hawa hapa, waache waseme wao. Wewe usiseme."

Nilitamani Balozi amsikilize. Wanaume wale walikuwepo, na yule mkubwa alikuwa ameshasogea hatua moja mbele kulipokea jukumu lake. Lakini mtu aliyefanya jambo kwa njia moja miaka yote, mikono yake inajipeleka yenyewe, na mdomo pia. Balozi alimshika Tabitha mabega akamketisha kwenye udongo, akasema, "Elia amekufa." Sauti aliyotoa Tabitha siwezi kuiandika.

Mwili ulikuja baada ya siku kadhaa, kwa heshima zote, na wanajeshi wa kuubeba, na bendera. Ulikuja umefungwa. Tukashauriwa, kwa upole, kwamba ingekuwa vema jeneza lisifunguliwe. Kwetu mtu haagwi akiwa ndani ya sanduku. Ndugu wanapita, wanamwona uso, mama anamgusa shavu, ndipo anakwenda. Ukoo wa pande zote, wa hapa na wale waliovuka kutoka Nakonde, wakakaa kuamua, na mwishowe wazee wakasema Balozi aseme, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlea na yeye ndiye anayejua misiba. Tabitha alikuwa amekaa kwenye godoro, anamtazama. Alikuwa na ombi hilo moja, amwone mtoto wake uso, ajue ni yeye.

Balozi alikwenda akaongea pembeni na yule mwanajeshi mkubwa. Sijui aliambiwa nini. Alirudi akasema, "Msifungue."

Tabitha alisimama. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. "Nilikuomba usimpeleke, ukampeleka," alisema. "Nilikuomba usiniambie wewe, ukaniambia wewe. Sasa nakuomba uso wake unaninyima. Toka. Toka humu, nisikuone."

Na Balozi akatoka. Nyumba ilikuwa yake, lakini alitoka, akavuka uchochoro, akaja kukaa kibarazani kwangu. Alikaa hapo mpaka matanga yakaisha. Waombolezaji waliingia kwa Tabitha wakampa pole, kisha wakavuka kuja kumpa pole Balozi, na msiba mmoja ukawa na vibaraza viwili. Kichwa chake kilikuwa bado nusu. Nilimwomba nikifumue, akakataa. Siku ya mwisho alinipa wembe, nikamnyoa chote.

Nilimuuliza siku hizo kwa nini hakukataa kutoka. Alisema aliona ni haki ya Tabitha, na kwamba mtu akikufukuza kwa uchungu unamheshimu kwa kuondoka. Nilimwamini. Miezi mingi baadaye nilizungumza na Tabitha kwenye simu, akiwa Kamsamba, na nikamweleza hivyo, nikidhani napatanisha. Tabitha akasema, "Dada, unajua ni wafiwa wangapi walimfukuza mama? Wamempiga makofi, wamemrushia viatu. Nilikuwa naye, niliona. Hajawahi kuondoka hata kwa mmoja. Ni mimi tu. Nilimwambia toka, na kweli akatoka." Maneno hayo sikumfikishia Balozi kwa muda mrefu. Nilipomfikishia alikuwa anamenya viazi, na aliendelea kumenya kile kimoja mpaka kikaisha chote.

Ubalozi aliuacha. Hakuna aliyemwondoa, aliacha tu kwenda. Kazi ya kupasha habari za misiba ikamwangukia kijana mmoja mwenye simu nzuri, ambaye alituma ujumbe kwenye kundi la mtaa, na mtu akawa anasoma kifo cha kaka yake akiwa sokoni ameshika nyanya. Tulinung'unika lakini hakuna aliyekwenda kumwomba Balozi arudi. Alikuwa amekonda, na uongo wake wote ulikuwa umemwisha. Ukimuuliza bei ya kuku alikutajia bei ya kweli, na hilo lilinihuzunisha kuliko machozi.

Kitu kingine alichoacha ni kumsalimia Mama Furaha. Huyu alikuwa Mkongo, muuza vitenge, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikimbia mashariki ya kwao na watoto, mume akabaki. Kuhusu huyo mume alisema mara kachukuliwa na waasi kwa nguvu, mara kajiunga mwenyewe, na nadhani hakujua. Kabla ya kifo cha Elia tulimwonea huruma. Baada yake watoto walimwimbia matusi akipita, na wanawake walioshona magauni ya vitenge vyake waliacha kuyavaa. Balozi hakumtukana. Alikuwa akimwona anageuza uso kama unavyougeuza moshi ukikujia.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinaisha, dereva mmoja alikuja kibarazani kwangu. Ni yule mpole, aliyewahi kubishana na Balozi. Aliuliza, "Ule mama wa kupasha habari za kufa, iko wapi?" Nikamwambia ameacha. Akasema ana habari ya mume wa Mama Furaha, ameipata kwa ndugu wa kule kwao. Mtu yule alikufa kitambo, kwenye mapigano yaleyale ya vilima vilevile, wakati majeshi ya wageni yalipokuwa pale. Habari ilikuwa imezunguka njia ndefu mpaka imfikie. "Mimi siwezi kumwambia," alisema. "Nilijaribu asubuhi. Nilinunua kitenge nikatoka."

Nilikwenda kwa Balozi bila matumaini. Nilimweleza yote, pamoja na upande ambao yule mtu alikuwa anapigania. Kisha akaingia ndani akatoka na kitenge safi. Kwa mwenye masufuria tuliambiwa, "Kuni za kumlilia muasi? Balozi, wewe wa kusema hivyo?" Kwa mwenye turubai hawakufungua mlango. Alirudi kwake, akafunga mzigo wa kuni zake mwenyewe, akanipa nusu nibebe.

Mama Furaha alikuwa anakunja vitenge kitandani. Watoto walikuwa shule. Balozi alimketisha chini, naye akakaa kwa sababu ya mshangao tu, kwa kuwa Balozi hakuwa amemsemesha tangu msiba wa Elia. Balozi alitaja jina la mume, akasema, "Amekufa."

Mama Furaha hakulia mara moja. Alimshika Balozi mkono. "Ni nani alimuua?"

"Sijui."

"Ni basoda ba jeshi ya wapi? Niambie mama. Ni ba kwenu?"

Nilimkanyaga Balozi mguu, namaanisha nyamaza. Angeweza kusema hajui tena, na ingekuwa kweli. Alisema, "Walikuwepo wa kwetu pale. Mjukuu wangu alikuwepo, siku hizohizo."

"Ni yeye?"

"Huenda ni yeye. Na huenda mume wako ndiye aliyemuua wa kwangu. Nikikuambia siyo, nitakuwa nakudanganya."

Mama Furaha aliuachia mkono kama mtu aliyeshika chuma cha moto. "Toka," alisema. "Toka kwangu! Murudi kwenu! Nani aliwaita?" Akaanza kulia, akavuta vitenge vyote vikaanguka sakafuni, akamrushia Balozi kimoja usoni, na kingine, na kandambili. Balozi alinyanyuka kwa shida, magoti yanalia, akapita mlangoni. Nilitoka naye. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kusema yale.

Nje ya mlango, kwenye ardhi yenye unyevu, alikaa. Akaegemeza mgongo ukutani na kunyoosha miguu. Ndani kilio kilikuwa kimepanda, na majirani walikuwa wanachungulia madirishani bila kutoka.

"Mama, twende," nilimwambia. "Amekufukuza."

"Nimesikia."

"Sasa unakaa nini? Hakutaki."

"Hata mwanangu hakunitaka," alisema. "Nikaondoka." Alivuta kitenge akafunika miguu yake. "Nenda kasuke watu. Mimi nipo msibani."